Mji Uliosimuliwa kutoka Uani: Uhakiki wa "Vocabulaire" ya André Yav kwa Msomaji wa Goma

1.0 Utangulizi

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulibadilishwa jina na kuitwa Lubumbashi, André Yav alikamilisha andiko la Kiswahili alilolipa jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Andiko hilo lilipigwa taipu, likatolewa nakala na kusambazwa miongoni mwa watu wa chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Robo karne baadaye, mwaka 1990, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alilichapisha katika kitabu kiitwacho History from Below, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Tangu wakati huo kazi ya Yav imetajwa mara nyingi na wanahistoria na wanaisimu. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wao, wameishughulikia kwa nadra sana.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kuihakiki Vocabulaire kama utungo, yaani kazi yenye msimulizi, hadhira, mpangilio na msimamo wake, badala ya kuichukua kama ghala la mifano ya lahaja. Pili, yanauliza ni mafunzo gani anayoweza kuyapata msomaji aliyeko Goma, mji ambao umepitiwa na volkano, wakimbizi na vita, na ambao kumbukumbu za wakazi wake wa kawaida zinakaa vinywani zaidi kuliko vitabuni.

Hoja yetu ni kwamba yale yanayoonekana kuwa upungufu wa kazi ya Yav, yaani lugha isiyo sanifu, mpangilio usiofuata kalenda barabara na jina lisiloelekea kulingana na yaliyomo, ndiyo hasa yanayoibeba historia anayoisimulia. Ikiwa hoja hii ni ya kweli, basi yeyote anayekusanya simulizi za Goma huku akizisafisha lugha, ajue kwamba anafuta sehemu ya ushahidi.

2.0 Mji na watumishi wake

Ni vema kuanza na mazingira ya kazi yenyewe. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali palipojengwa Elisabethville, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Huu basi ulikuwa mji wa kampuni. Ulizaliwa kwa ajili ya kazi, ukapangwa kwa mujibu wa kazi, na watu wake wakatambulishwa kwa kazi zao. Walikuja kutoka Kasai, Rodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na pembe nyingine nyingi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao. Fabian katika kitabu chake cha 1986, Language and Colonial Power, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyokuzwa huko kama lugha ya kazi, kwa kiasi fulani ili kupunguza athari za lugha za kikazi zilizotoka kusini katika makoloni ya Waingereza.

Historia ya mji wa namna hii kwa kawaida huandikwa kutoka sehemu mbili: ofisi za kampuni na ofisi za serikali. Huko ndiko ziliko takwimu za tani za shaba, mikataba, ramani na ripoti za madaktari. Kumbukumbu za wachimba migodi nazo zimepata watafiti wake, hasa katika kazi za Donatien Dibwe dia Mwembu, ambaye mwaka 2001 alichapisha Bana Shaba abandonnés par leur père, juu ya familia ya mfanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997.

Yav hasimulii kutoka ofisini, wala hasimulii kutoka mgodini. Yeye anasimama uani. Watumishi wa nyumbani, ambao katika Kongo ya Wabelgiji walikuwa wanaume kwa wingi, waliishi nyuma ya nyumba za mabwana wao, katika vibanda ambavyo Wabelgiji waliviita boyerie. Waliitwa "boyi" hata wakiwa na wajukuu. Hata hivyo, walipafahamu mahali ambapo Mwafrika mwingine hakupafikia: meza ya chakula, chumba cha kulala, ugomvi wa mume na mke, barua zilizotupwa, maneno yaliyosemwa baada ya chupa ya tatu. Bwana alidhani yuko peke yake, kumbe yuko mbele ya shahidi. Nafasi hii ya kuwa karibu bila kuhesabiwa kuwa mtu ndiyo chemchemi ya Vocabulaire.

3.0 Suala la jina

Msomaji anayefungua kazi hii akitarajia kamusi hupigwa na butwaa. Hakuna orodha ya maneno iliyopangwa kwa alfabeti, wala maana zilizowekwa mkabala. Kilichopo ni masimulizi: kuingia kwa Wazungu, kuanzishwa kwa mji, mishahara na vyakula vya watumishi, majina waliyopewa mabwana, vita, hofu na uvumi. Kwa nini basi kazi iitwe msamiati?

Jibu rahisi ni kwamba Yav hakuelewa maana ya neno la Kifaransa. Jibu hilo tunalikataa, maana linamdharau mwandishi kabla ya kumsikiliza. Fabian mwenyewe amelijadili suala hili kwa makini, na kuonyesha kwamba jina hilo lina uzito wake. Sisi tungependa kulitazama kwa upande wa fasihi. Katika mji wa kampuni, kuingia mjini maana yake ilikuwa kujifunza maneno. Mgeni aliyeshuka kwenye treni alipaswa kujua mshahara unaitwaje, posho inaitwaje, bwana huyu anaitwaje mbele yake na anaitwaje nyuma yake. Neno moja lilimwonyesha mtu nafasi yake katika mji. Asiyejua majina ya utani ya mabwana hakujua yupi anapiga na yupi hapigi. Kwa hiyo, kusimulia historia ya mji na kueleza maneno ya mji ni jambo moja. Yav hakuandika kamusi iliyoshindwa. Aliandika historia ambamo kila tukio limekaa ndani ya neno lake.

Mfano mmoja ni habari za batumbula, watu waliosemekana kuwateka Waafrika usiku ili waende kuliwa na Wazungu. Mwanahistoria wa zamani angezipita habari hizi kama ushirikina. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, amezichambua simulizi za aina hii, pamoja na kazi ya Yav, na kuonyesha kwamba ni chanzo cha historia kama vyanzo vingine, kwa sababu zinaeleza jinsi watu walivyouelewa uhusiano wa kazi, chakula na miili yao. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja habari za mumiani, na wa bara atakumbuka wachinjachinja. Haya si maneno ya kufanana tu. Ni msamiati mmoja wa hofu ulioenea katika Afrika Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni, kila mji ukiwa na tamko lake. Mtumishi aliyepika nyama ya bwana wake kila siku, huku yeye akipimiwa posho, alikuwa na sababu zake za kuuliza nani anamla nani.

4.0 Nani anasema: Vocabulaire na utanzu wa habari

Fasihi ya Kiswahili ina utanzu wa siku nyingi wa habari za miji. Habari za Pate, zilizotokana na kumbukumbu za Bwana Kitini na kuchapishwa na Stigand mwaka 1913, na Khabari Lamu, iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy na kuchapishwa na Hichens mwaka 1938, ni mifano inayojulikana. Katika tungo hizo mji ni watawala wake. Msimulizi anaanza na asili ya ukoo, anawafuata masultani mmoja baada ya mwingine, na kutaja vita na mapatano. Watumwa na watumishi wapo, lakini wapo kama idadi au kama mali.

Kwa upande wa Kongo yenyewe, kazi ya Kiswahili iliyotangulia kwa umaarufu ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa na Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu anaisimulia Kongo kama mfanyabiashara na mtawala. Anahesabu pembe za ndovu, safari, ushindi na madeni. Mwaka 1887 alipewa uwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II, na sauti yake ni sauti ya mtu anayezungumza na wafalme.

Tukiiweka Vocabulaire karibu na kazi hizi, tunaona mambo mawili. La kwanza ni mwendelezo. Yav naye anaanza mbali, anataja wakubwa, anataka mji uwe na asili. Hatuna haja ya kudai kwamba alizisoma habari za pwani. Inatosha kuona kwamba mtu anayetaka kuupa mji wake heshima kwa lugha ya Kiswahili hufuata njia hii: hutafuta mwanzo, hutaja majina, huwaita mashahidi. La pili ni mpasuko. Katika kazi ya Yav ukoo unaofuatiliwa si wa watawala bali wa watumishi. Wazungu wanapita, wanabadilishana vyeo na kurudi kwao. Wanaobaki, na kwa hiyo wenye mji, ni wale waliowapikia na kuwafulia. Hapa utanzu wa habari umepinduliwa kutoka ndani, bila ya mwandishi kutangaza kwamba anapindua chochote.

Msimulizi wa kazi hii ni "sisi". Ni kosa kuitafuta humo nafsi ya mtu mmoja kwa mfano wa tawasifu kama Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Yav anaandika kwa niaba ya chama, mbele ya wenzake wanaoyajua mambo yaleyale na wanaoweza kumpinga. Hali hii inaeleza mwendo wa masimulizi. Mara anaruka, mara anarudia, mara anataja jambo kwa neno moja bila kulifafanua. Si uzembe. Mtu anayewakumbusha wenzake hahitaji kueleza kila kitu. Anachohitaji ni kuwaamsha.

5.0 Tahajia na sauti: kusoma kwa sikio

Lugha ya Vocabulaire ni Kiswahili cha Katanga, na maandishi yake hayafuati tahajia sanifu. Maneno hukatwa mahali ambapo hatukutarajia, au huunganishwa na jirani zake. Alama za vituo ni chache. Ili kutoa picha kwa mfano wetu wenyewe, usio wa Yav, mwandishi wa namna hii angeweza kuandika "ali kuwa natu pikia" mahali ambapo sisi tungeandika "alikuwa anatupikia". Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeijaza kurasa hizi alama za makosa.

Fabian na Kalundi Mango walikabili tatizo hili kwa njia inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi simulizi. Kalundi Mango aliyasoma maandishi kwa sauti, na usomaji huo ukanaswa kwenye kanda, kisha ukaandikwa upya. Yaani andiko lilirudishwa kwanza mdomoni, ndipo likarudi kwenye karatasi. Matokeo yake ni kwamba mahali pengi palipoonekana giza palipata nuru. Tahajia iliyodhaniwa kuwa ya ovyo ilikuwa ikifuata pumzi ya msemaji.

Funzo la kihakiki linalotokana na jambo hili ni kubwa. Tumezoea kuigawa fasihi katika mafungu mawili, simulizi na andishi, na kuichukulia ya kwanza kama malighafi ya ya pili. Vocabulaire haikai katika fungu lolote kati ya hayo. Iliandikwa, lakini iliandikwa ili isomwe kwa sauti mbele ya watu. Karatasi yake ni ya kuhifadhia sauti, kama vile noti za muziki. Anayeisoma kimya kwa jicho la mhariri haisomi.

Jan Blommaert aliendeleza mjadala huu mwaka 2008 katika kitabu chake Grassroots Literacy. Humo alichambua maandishi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyeandika historia ya Zaire kwa Kifaransa, na ya mtu aliyempa jina la bandia la Julien, mtumishi wa zamani aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili mara tatu ili ayapeleke kwa bibi Mzungu aliyemtumikia. Blommaert anaonyesha kwamba maandishi yenye thamani kamili mahali yalipotungwa hupoteza thamani yakivuka mipaka, kwa kuwa wapokeaji wana vipimo vingine. Tungeongeza kwamba si lazima maandishi yavuke bahari ili yapatwe na hali hiyo. Yanaweza kupoteza thamani kwa kutoka mtaani na kuingia katika chumba cha mihadhara cha mji uleule.

6.0 Mapungufu

Uhakiki unaosifu tu haumsaidii msomaji. Vocabulaire ina mapungufu yake, na toleo la 1990 lina yake.

Kwa upande wa Yav, mji wake ni mji wa wanaume. Wanawake wanapita pembezoni, kana kwamba Elisabethville ilijengwa na kupikiwa na wanaume peke yao. Ni kweli kwamba kazi za nyumbani kwa Wazungu zilifanywa na wanaume, lakini boyi naye alikuwa na nyumba yake, na humo kulikuwa na mtu aliyepika, aliyelima na aliyeuza ili posho ifike mwisho wa mwezi. Historia iliyoandikwa kutoka uani mwa bwana imesahau ua wa mtumishi. Aidha, sauti ya "sisi" ina gharama yake: inaficha tofauti za kabila, umri na kipato zilizokuwamo ndani ya chama chenyewe.

Kwa upande wa toleo, Fabian alifanya kazi ya heshima, na bila yeye huenda nakala hizo zingeliwa na mchwa. Lakini kitabu kilitolewa Amsterdam na Philadelphia, katika mfululizo wa vitabu juu ya lugha za krioli. Mfululizo huo ulimwelekeza msomaji kukitafuta mahali pasipo pake. Kazi ambayo mwandishi wake aliiita ya mji iliwekwa katika rafu ya aina za lugha. Ndiyo sababu wanaisimu wameitumia zaidi kuliko wahakiki. Baadaye maandishi ya namna hii yaliwekwa katika hifadhi ya Kiswahili cha watu inayopatikana kwenye intaneti, na hilo limesaidia. Hata hivyo, tafsiri iliyoambatana na toleo ni ya Kiingereza, na ufafanuzi wote ni wa Kiingereza. Msomaji wa Kongo, ambaye shule yake ni ya Kifaransa na maisha yake ni ya Kiswahili, anaachwa mlangoni mwa kitabu kilichoandikwa kwa lugha yake.

7.0 Kutoka Elisabethville hadi Goma

Goma si mji wa shaba, na hakuna kampuni moja iliyouzaa. Ulikua kutoka kituo cha mpakani, ukitazamana na Gisenyi kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa Kivu, baada ya mipaka ya Wajerumani na Wabelgiji kukubaliwa mwaka 1910. Mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa, ukawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Pamoja na tofauti hizo, swali la Yav linatuhusu: ni nani anayeusimulia mji, na kwa maneno gani?

Tukiwasikiliza wazee wa Birere au Mabanga, tunakuta kwamba Goma nayo ina msamiati wake ambao ndio kalenda yake. Watu hawasemi "mwaka 1977", "mwaka 2002" au "mwaka 2021". Husema volkano ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka mpaka kutoka Rwanda na kipindupindu kikawaua kwa maelfu, unaitwa tu "wakati ya wakimbizi". Mtoto huzaliwa "mbele ya volkano" au "nyuma ya volkano". Majina ya mitaa nayo yana habari. Birere inahusishwa na majani makavu ya migomba, na jina la mji wenyewe wengi hulieleza kwa ngoma, wakimaanisha mngurumo wa mlima. Lau mtu angeandika Vocabulaire ya Goma, angeanzia hapa.

Tunapenda kueleza tukio moja lililotufanya tuisome upya kazi ya Yav. Katika zoezi la fasihi simulizi, mwanafunzi mmoja alileta simulizi ya bibi yake juu ya Januari 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipokata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikabomoa kanisa kuu na kuingia ziwani. Mwanafunzi aliandika kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka kwamba familia ilikimbilia Gisenyi, kisha: "Tulirudi baada ya siku chache tukajenga nyumba ndogo ya mbao." Nilimpa alama nzuri. Siku nyingine aliniletea kanda yenyewe. Bibi hakusema hivyo. Alisema: "Tulirudiaka juu ya majiwe ingali inawaka, tukajenga kanyumba ketu ka mbao, palepale."

Tulinganishe. Kiishio -ka katika "tulirudiaka" kinaliweka jambo katika wakati wa mbali uliokwisha kutulia kumbukumbuni. Sanifu haina kiishio hicho, hivyo kimetoweka. "Majiwe ingali inawaka" ni ushahidi kwamba watu waliingia tena kabla lava haijapoa, wakati ambapo wageni wa misaada walikuwa wangali wakipanga mahali pa kuwahifadhi. Maneno hayo yameyeyuka ndani ya "siku chache". "Kanyumba" si "nyumba ndogo" tu, maana kambishi ka- kanabeba unyenyekevu na mapenzi kwa pamoja. Hasa hasa, "ketu" na "palepale" ni madai. Lava ilikuwa imefunika mipaka ya viwanja, na kuweka kibanda juu ya jiwe la moto ilikuwa njia ya kusema: hapa ni petu, hata kama hapaonekani. Mwanafunzi alileta sarufi nzuri, akaacha hati ya kiwanja. Na mimi, mwalimu wake, nilimpongeza kwa kuiacha.

Kosa hili si la mwanafunzi mmoja. Ni desturi yetu. Tunawafundisha vijana kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao ni Kiswahili kibovu, kisha tunawatuma wakatuletee historia kutoka kwa watu wasio na Kiswahili kingine. Katiba ya 2006 inaitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za kitaifa, lakini haikusema Kiswahili cha nani. Hatubishi kwamba wanafunzi wanahitaji sanifu. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa sanifu, ili yasomeke Dar es Salaam na Nairobi kama yanavyosomeka Goma. Tunachokataa ni kuitumia sanifu kama kifutio.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa watakaokusanya simulizi za mji huu. Kwanza, sauti inaswe na ihifadhiwe, kwa kuwa hiyo ndiyo matini ya asili. Pili, maneno yaandikwe jinsi yalivyotamkwa, na sanifu iwekwe kando yake kama tafsiri, si badala yake. Tatu, tusirudie upungufu wa Yav. Historia ya Goma haiwezi kuandikwa bila ya wanawake wanaovuka mpaka kila alfajiri na vikapu vyao, wala bila ya vijana wa chukudu. Vilevile haiwezi kuandikwa na "sisi" moja. Mji huu una watu wengi wenye kumbukumbu zinazogongana, na maneno kama "mwenyeji" na "mgeni" yana makali yanayoweza kumkata mtu. Kila upande usikilizwe, na majina ya wasimulizi yafichwe pale inapobidi, kama alivyofanya Blommaert kwa Julien. Nne, nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Mji ulioona lava mwaka 2002, ukahamishwa kwa sehemu mwaka 2021, na ukaingia mikononi mwa M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025, hauwezi kuweka kumbukumbu zake zote katika kabati moja.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Vocabulaire ya André Yav ni kazi ya fasihi yenye utaratibu wake. Jina lake linatokana na mji ambamo kujua maneno kulikuwa kujua maisha. Usimulizi wake unaendeleza utanzu wa habari huku ukiupindua. Tahajia yake inahifadhi sauti. Mapungufu yake, hasa ukimya juu ya wanawake, ni ya nafasi aliyosimama msimulizi, na hayapunguzi ukweli kwamba watumishi wa Elisabethville waliamua kuandika historia ya mji bila kungoja ruhusa ya mtu, na kwa Kiswahili walichokuwa nacho.

Bibi wa yule mwanafunzi amekwisha kufariki. Kanda ipo, na mwaka huu mjukuu wake ameanza kuiandika upya, neno kwa neno, pamoja na kila -ka na kila ka-. Kazi hiyo tutaisahihisha kwa masikio.